Nani Kocha wa Shujaa?

Ukitaka kuona watu wazima wakigombana kabla hata hawajagusa pombe, nenda Ngong Road siku ya mechi, simama karibu na lango la uwanja wa RFUEA, uulize swali moja tu: kocha bora wa Shujaa ni nani? Halafu kaa kando. Dakika tano haziishi kabla mtu hajataja 2009, mwingine 2013, mwingine 2016, na yule mzee wa nyuma, ambaye hujui hata alifika saa ngapi, awaambie kwamba nyote mmezaliwa juzi.

Mimi huwa nakaa kando. Nilikuja Nairobi kusoma chuo, nikaacha mwaka wa pili karo ilipokata, na kitu kikubwa nilichobaki nacho kutoka miaka ile ni raga. Shahada sina. Lakini nimekaa kwenye darasa la watu hawa wa langoni miaka saba sasa, na kwa kukumbuka, hakuna ofisi inayowafikia. Wanajua nani aliangusha mpira akiwa peke yake mbele ya mistari, mwaka gani, na mvua ilikuwa inanyesha ama la. Shida yangu nao ni swali lenyewe. Kila msimu ukiharibika wanauliza kocha ni nani, atafuatwa na nani, na huyo anayekuja awe Mzungu ama awe wetu. Nimeipanga orodha ya makocha, mwaka kwa mwaka, na orodha inasema kitu kingine kabisa.

Kwa mgeni wa mchezo huu: Shujaa ni timu ya taifa ya raga ya wachezaji saba kila upande. Mechi ni dakika 14, saba kabla ya mapumziko na saba baada. Trai moja ni pointi tano, na mkwaju wa baada ya trai ni mbili. Ukichelewa chai umekosa mechi. Kwa sababu muda ni mfupi hivyo, hakuna nafasi ya kufundishana uwanjani. Mtu lazima ajue mwenzake atakimbilia wapi kabla mwenzake mwenyewe hajaamua, na kujuana huko kunajengwa kambini kwa miezi na miaka, na kocha yule yule. Shikilia hilo, nitalirudia.

Hebu tuanze na suala la Mzungu ama wetu, maana ndilo linalopandisha sauti zaidi, na halikuanza na Shujaa. Raga ililetwa hapa na walowezi. Chama cha raga cha Kenya kiliundwa 1921, klabu ya Nondescripts ikaja 1923, Harlequin 1952. Shuleni mchezo ulikuwa wa Prince of Wales na Duke of York, ambazo leo tunaziita Nairobi School na Lenana. Mwafrika kwenye viwanja vile alikuwa wa kukata nyasi. Uhuru ulikuja 1963 lakini haukufika kwenye raga siku hiyo hiyo. Ilibidi kungoja vijana Waafrika waliokuwa wamefunzwa mchezo kwenye shule zile zile. Mwaka 1977 Mwamba ilianzishwa, klabu ya Waafrika wenyewe, na mwaka huo huo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakaunda Mean Machine na kubeba Kenya Cup papo hapo, msimu wao wa kwanza. Hebu fikiria wanafunzi wa bweni wakiwapiga wenye klabu zenye baa na mabwawa ya kuogelea. Kwa hivyo mzee wa langoni akisema anataka kocha “wetu”, usimcheke. Anabeba kitu cha 1977. Na kijana akimjibu kwamba anataka tu mtu anayejua kazi, hata akitoka mwezini, naye ana hoja.

Sasa orodha.

Benjamin Ayimba ndiye wa kwanza kutajwa, kila mara. Aliichezea Kenya, akawa nahodha, akawa kocha. Machi 2009, kwenye Kombe la Dunia la wachezaji saba kule Dubai, vijana wake waliwafunga Fiji 26–7 kwenye robo fainali. Fiji, jamani! Watu wanaocheza mchezo huu ufuoni kama sisi tulivyocheza kati. Argentina wakatuzima nusu fainali, 12–0, lakini kwa mara ya kwanza mtu wa Kangemi asiyejua raga alisikia kwamba kuna Humphrey Kayange na kuna mdogo wake, Collins Injera. Wiki chache baadaye, kule Adelaide, timu hiyo hiyo ilifika fainali ya duru ya Raga ya Dunia na kupoteza kwa Afrika Kusini. Miaka miwili mbele, 2011, Ayimba akaondolewa. Matokeo yalikuwa yameshuka, na ukweli usemwe, hata langoni kuna waliokuwa wamemchoka.

Akaja Mitch Ocholla, akakaa msimu mmoja. Tumpite haraka, si kwa dharau, ila watu wa langoni nao humpita haraka.

Mwaka 2012 akaletwa Mwingereza, Mike Friday. Hapa ndipo mjadala unapokuwa mtamu. Friday alikaa msimu mmoja tu, na ule msimu Kenya ilimaliza nambari tano duniani, nafasi ambayo hatujaifikia tena. Kule Wellington, mapema 2013, waliwatoa New Zealand nusu fainali, New Zealand wakiwa kwao, ndipo Uingereza wakatushinda fainali 24–19. Juni mwaka huo huo, Kombe la Dunia kule Moscow, tukafika nusu fainali tena, na Uingereza wale wale wakatuchukua kwa muda wa ziada, 12–5. Ukiwaambia vijana wa leo kwamba Kenya iliwahi kuwa hivyo, wanakuangalia kama mjomba aliyelewa kwenye harusi.

Baada ya Moscow, Friday akaondoka. Mwaka uliofuata alichukuliwa na Marekani. Unajua alikaa Marekani miaka mingapi? Kumi. Kuanzia 2014 mpaka baada ya Olimpiki ya Paris 2024. Na mwaka wa tano wa kazi hiyo, msimu wa 2018–19, Marekani walimaliza nambari mbili duniani. Nchi ambayo kijana mwenye mbio anakimbilia mpira wao wa helmeti kwanza.

Subiri, kuna lililo kali zaidi ya hilo.

Friday alipoondoka, tulimchukua Paul Treu. Huyu hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa ameifunza Afrika Kusini tangu 2004 na kushinda nayo taji la dunia la msimu wa 2008–09. Afrika Kusini walipompoteza mwaka 2013, walimweka Neil Powell, aliyekuwa mchezaji wao. Kwa hivyo unaweza kusema siku zile nchi mbili zilianza upya pamoja: wao na Powell, sisi na kocha wao wa zamani. Nani alikuwa na bahati zaidi? Mwaka huo ungeniuliza ningesema sisi.

Treu alikaa kama mwaka mmoja. Aliondoka 2014 kukiwa na mvutano kati yake na Shirikisho la Raga Kenya, KRU. Powell alikaa miaka tisa, mpaka 2022. Kwa hiyo miaka tisa ya Powell, sisi tulikuwa na Treu, kisha Felix Ochieng, kisha Ayimba akarudi, kisha Innocent Simiyu, kisha Paul Murunga, kisha Paul Feeney, kisha Simiyu akarudi. Vipindi saba, na hapo sijahesabu walioshikilia usukani kwa wiki kadhaa wakingoja barua. New Zealand walikaa na Gordon Tietjens tangu 1994 mpaka 2016. Kuna wachezaji wake waliozaliwa baada ya yeye kuanza kazi, ama karibu hivyo.

Nilipomsomea orodha hiyo mzee mmoja pale langoni, fundi wa friji ambaye hajakosa Safari Sevens tangu ianzishwe 1996, hakusema kitu kwa muda. Kisha akasema, “Kijana, hata matatu haibadilishi makanga hivyo.”

Lakini ngoja. Tukisema tu kwamba tunabadilisha makocha sana, hatujasema kitu kipya. Kila shabiki analijua hilo, na kila mmoja ana maelezo: walifutwa kwa sababu walishindwa. Hapo ndipo orodha inakataa. Angalia ni lini watu hawa wanaondoka. Friday anaondoka baada ya msimu bora zaidi katika historia yetu. Ayimba, mara ya pili, anaondoka mwaka wa Singapore. Simiyu, mara ya kwanza, anaondoka mwaka wa fainali mbili. Kwetu kocha huondoka akishindwa, sawa, kama kwingine. Ila huondoka hata akishinda, na wakati mwingine haraka zaidi.

Singapore haiwezi kupitwa mbio. Jumapili, Aprili 17, 2016. Ilikuwa ni mchana hapa kwetu, usiku kule. Kenya haikuwa imewahi kushinda taji kuu la duru yoyote ya Raga ya Dunia. Kwenye fainali ni Fiji, mabingwa watetezi wa dunia, walio na kocha wao Mwingereza, Ben Ryan. Kenya 30, Fiji 7. Nilikuwa shule ya upili, bweni zima lilipata habari kwa redio ya mlinzi, na kuna mwalimu wa zamu aliyesahau kutupeleka prep. Nahodha alikuwa Andrew Amonde. Kocha alikuwa Ayimba, aliyerudishwa mwaka mmoja nyuma, yule yule aliyeondolewa 2011. Mwezi uliofuata Injera akavunja rekodi ya trai nyingi zaidi katika historia ya mashindano hayo, iliyokuwa ya Muargentina. Rekodi hiyo ilichukuliwa baadaye, lakini alistaafu na trai 279, na nambari hiyo langoni inajulikana kama watu wanavyojua PIN zao.

Miezi minne baadaye ilikuwa Olimpiki ya Rio, mara ya kwanza raga ya saba kuchezwa Olimpiki. Fiji, wale tuliowafunga 30–7, walitwaa dhahabu, medali ya kwanza kabisa ya nchi yao. Sisi tulipoteza mechi zote tatu za kundi, ikiwemo ya Japani, tukamaliza wa 11. Na kabla mwaka haujaisha Ayimba hakuwa kocha.

Watu wa langoni wakifika hapa hugawanyika, na kelele inakuwa ya kweli. Upande mmoja unasema Rio ilikuwa aibu na mtu lazima awajibike. Upande mwingine unasema mtu aliyekuletea kombe la kwanza baada ya miaka yote hiyo humtupi kwa sababu ya wikendi moja mbaya. Mimi niko upande wa pili, lakini ninachotaka uone ni kwamba pande zote mbili zinamjadili mtu mmoja. Hakuna anayeuliza maandalizi yaligharimu nini, nani alilipwa na nani hakulipwa, nani aliketi kwenye kiti gani katika ofisi. Fiji nao hawakuwa na pesa. Ben Ryan mwenyewe alifanya kazi miezi ya kwanza bila mshahara. Tofauti ni kwamba alikuwa na miaka mitatu mfululizo na kikosi kile kile mpaka Rio. Ufukara wao ulikuwa na subira, wetu hauna.

Kisha 2018, na hapa ndipo mjadala wa kocha ulipofunuka ukaonyesha kilicho chini yake.

Simiyu, mchezaji wa zamani wa Shujaa, alikuwa amechukua timu mwishoni mwa 2016. Msimu wake wa pili Kenya ilifika fainali mbili, Vancouver na Hong Kong, zote ikapoteza kwa Fiji, na ikamaliza nambari nane. Baada ya Rio, hiyo ilikuwa kazi. Juni, duru ya mwisho, Paris. Wachezaji wanaingia uwanjani na jezi ambazo jina la mdhamini kifuani limezibwa. Mdhamini alikuwa wa Serikali, ile kampeni ya Make It Kenya. Vijana walikuwa wanadai malipo yao na marupurupu, na walikuwa wamechoka kudai kwa barua, kwa hivyo wakadai kwa kifua, mbele ya kamera za dunia nzima.

Nimeiangalia ile picha mara nyingi. Hawajapiga ngumi hewani, hawajashika mabango. Ni wanaume saba wamesimama, na pale jina linapopaswa kuwa kuna kiraka. Nchini watu waliwaka: wengine wakasema ni utovu wa nidhamu, kuaibisha nchi, wengine wakasema nchi ndiyo iliyojiaibisha. Ambacho hakijadiliwi sana ni kilichofuata. Kabla ya msimu mpya kuanza Simiyu hakuwa kocha tena. Msimu huo mpya ulianza na mvutano mwingine wa mikataba, majina mengi makubwa yakiwa nje, na Murunga akapewa kikosi cha vijana wengi ambao hawajazoea. Timu iliponea tundu la sindano kushushwa daraja 2019. Halafu langoni wakasema Murunga hajui kazi.

Unaona mzunguko ulivyo? Pesa haiji, wachezaji wanalalamika, matokeo yanashuka ama timu inaaibika, na kitu cha kwanza kubadilishwa ni kile ambacho ni rahisi kubadilishwa. Kumtoa kocha hakuhitaji bajeti, ni barua ya ukurasa mmoja. Kupata mdhamini wa miaka minne kunahitaji watu wa kumtafuta na vitabu vya hesabu anavyoweza kuvisoma bila kushtuka. Na sisi mashabiki tunasaidia. Tukipiga kelele kuhusu kocha, ofisini watu wanapumua. Maana kelele hizo wanaweza kuzijibu. Wanatangaza nafasi, wanaita mahojiano, wanatupatia jina jipya, na sisi tunaanza kujadili jina jipya kwa miezi mitatu. Sisemi kuna mtu alikaa chini akapanga hivyo. Nasema ndivyo inavyotokea, na imetokea mara nyingi mno.

Wapo watakaonijibu kwamba kocha ana lawama yake. Ana. Kuna makocha walioshindwa kweli, kuna mazoezi yaliyofanywa ovyo, kuna wachezaji walioitwa kambini wakiwa na vitambi. Lakini ukiniambia Mzungu ndiye suluhisho, nitakuonyesha 2023. Ukiniambia wetu ndiye suluhisho, nitakuonyesha 2019. Ukiniambia Mzungu ndiye balaa, nitakuonyesha 2013. Ukisema wetu hawezi, nitakuonyesha Singapore. Kila upande una mwaka wake, na ndiyo maana ubishi huu hauishi.

Feeney, kutoka New Zealand, alikuja 2019, korona ikaja 2020, akaenda. Simiyu akarudi, akaipeleka timu Olimpiki ya Tokyo, iliyochezwa 2021, wakamaliza wa tisa. Nafasi mbili juu ya Rio, bila shangwe yoyote.

Mwaka huo huo wa 2021, Mei, Ayimba aliugua malaria iliyopanda kichwani. Bili ya hospitali ikawa kubwa, familia ikaomba msaada wa umma, na namba ya kuchangia ikazunguka kwenye simu za watu. Mtu aliyewafunga Fiji mara mbili kwenye jukwaa la dunia, mara moja kama robo fainali na mara moja kama fainali, alikuwa anachangiwa mia mbili mia mbili na watu waliopiga kelele za kutaka afutwe, na wengine waliopiga kelele za kutaka arudishwe. Nilituma nilichokuwa nacho, ambacho hakikuwa kitu. Alifariki Mei 21. Alikuwa na miaka 44.

Yule fundi wa friji ananiambia kwamba siku zile langoni hakuna aliyeuliza kocha bora ni nani. Ilichukua wiki kadhaa kabla mtu kuanza tena.

Miaka miwili baadaye, tarehe ile ile, Mei 21, 2023, Shujaa walikuwa Twickenham, London. Kocha sasa alikuwa Damian McGrath, Mwingereza, aliyeajiriwa mwaka uliotangulia baada ya Simiyu kuondoka mara ya pili. Ukitafuta kocha kwa karatasi zake, hupati nzuri kuliko za McGrath: aliwapa Samoa taji la Paris 2016, akawapa Canada taji la Singapore 2017. Mwaka huo timu za kudumu zilikuwa zinapunguzwa hadi 12, kwa hivyo kisu kilikuwa kikali kuliko kawaida, hilo nalo lisemwe. Mechi ya kuamua nani abaki ilikuwa kati ya Kenya na Canada. Canada 12, Kenya 7. Kocha aliyewapa Canada kombe lao alisimama pembeni akiwatazama wakitushusha. Takriban miongo miwili ya kuwa miongoni mwa wakubwa ikaisha kwa trai moja.

Pale London palikuwa na Wakenya wengi, kama kawaida ya Twickenham, bendera mabegani. Hapa nyumbani tulikuwa kwenye baa moja ya Roysambu, skrini mbili, moja ina raga na nyingine ina mpira wa Uingereza, na walipofunga kipenga cha mwisho kuna jamaa aliyeomba ile ya raga ibadilishwe nayo iwekwe mpira. Hakuna aliyekataa. Nakumbuka hilo kuliko matokeo.

McGrath akaondoka, na kiti kikapewa Kevin Wambua, ambaye alikuwa msaidizi kwenye timu hiyo hiyo. Hakuna aliyemtarajia mwenye jina. Langoni walisema amepewa kwa sababu ni rahisi. Labda. Lakini kwa mara moja kiti kilikwenda kwa mtu aliyekuwa tayari chumbani, anayewajua wachezaji, na asiyelazimika kuanza kwa kujifunza majina. Septemba 2023, kule Harare, miezi minne tu baada ya Twickenham, Kenya iliifunga Afrika Kusini 17–12 kwenye fainali ya Afrika na kukata tiketi ya Olimpiki. Afrika Kusini ilibidi wapitie mlango wa nyuma, na walipofika Paris wakachukua shaba. Tuna kipaji cha ajabu cha kuwafunga watu wanaokwenda kuvaa medali. Juni 2024, Madrid, Wambua akairudisha timu kwa wakubwa kwa kuwalaza Ujerumani 33–15. Paris tukawa wa tisa tena.

Nikihesabu kutoka siku Ayimba alipoondolewa 2011 mpaka Wambua kupewa kazi 2023, usukani umebadilishwa mara 11 katika miaka 12. Wastani huo unamaanisha kwamba mchezaji aliyeitwa kambini akiwa na miaka 20 na akacheza mpaka 30 amefunzwa namna ya kusimama, ya kukaba na ya kupeana pasi na watu kumi hivi tofauti, na kila mmoja alikuja na msamiati wake. Na hao walimu wote kumi walikuta shida ile ile mezani: mikataba ya miezi, malipo ya kuchelewa, kambi inayofunguliwa leo na kufungwa kesho kwa sababu ya chakula.

Kwa hivyo siku hizi nimeanza kuchokoza langoni. Mtu akiuliza kocha anayefuata awe nani, namuuliza vijana walilipwa lini mara ya mwisho. Mwanzoni walinicheka. Halafu msee mmoja wa Kibra, ambaye binamu yake huchezea klabu ya daraja la pili, akaanza kueleza mkataba wa mchezaji unavyokuwa: unalipwa nini ukiwa kambini, unalipwa nini ukiumia goti, nani analipa daktari timu ikisharudi kutoka safari. Watu walinyamaza kumsikiliza. Mmoja akauliza mkutano mkuu wa Shirikisho hufanyika mwezi gani, na ni klabu zipi zinazopiga kura. Hakuna aliyejua zote. Tukaanza kuzitaja moja moja, KCB, Kabras, Quins, Mwamba, Impala, Nondies, Machine, huku yule fundi wa friji akiziandika nyuma ya risiti ya gesi. Akaniambia nitafute nambari ya simu ya katibu wa kila klabu kabla ya Jumamosi.